Gari kuvuja oili sio uzee, Mhariri

Ndugu Mhariri,

Salamu kwako na kwa wote hapo chumba cha habari. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua manake kuna jambo nimelisoma kwenye gazeti lako limenikaa rohoni, nikaona nisipoliandikia ntakuwa sijawatendea haki wateja wangu wala wasomaji wako. Mmeandika kwamba gari la kifahari la Ulaya likishapita miaka kumi kuvuja oili ni tabia yake, mwenye nalo azoee, aweke oili nzito, atembee na dumu kwenye buti. Mhariri, hapana. Mie ni fundi, nina gereji ndogo huku Tabata, Wajerumani ndio wanaonilisha, BM na Benzi asubuhi mpaka jioni, na nakwambia gari halina tabia ya kuvuja. Linavuja kwa sababu kuna kitu kimechoka, na hicho kitu kina jina, kina mahali pake na kinabadilishika.

Haya magari tunayoyaona mjini, 320i, 325i, C200, mengi yametokea Japani. Kule gari jipya likifika miaka 3 linapelekwa ukaguzi wa serikali wanaouita shaken, baada ya hapo kila miaka 2, na gari linalodondosha oili halipiti, kwahiyo mwenye nalo akipiga hesabu ya ukaguzi na matengenezo anaona bora aliuze. Linaoshwa injini linang'aa, linapigwa picha, linapanda meli. Wenzetu Kenya wameweka ukomo, gari likizidi miaka 8 haliingii. Sisi hatuna huo ukomo, tunalipa ushuru wa uchakavu na gari linaingia, ndio maana linatufikia kwenye umri uleule ambao raba zake zote zinaanza kuchoka kwa pamoja. Mteja analitoa bandarini safi kabisa, akishalipitisha foleni ya Buguruni miezi kadhaa anaanza kusikia harufu ya oili inaungua, hasa akisimama kwenye taa na AC inavuta hewa ya nje. Wengi wanakuja wamenuna wanasema wameuziwa bomu. Mara nyingi gari ni zima, bodi nzuri, gia boksi nzuri, ila zamu ya raba imefika na hiyo zamu haikwepeki.

Raba inakufa kwa joto. Hizi injini zimetengenezwa zifanye kazi na joto kubwa makusudi, BM wameziwekea termostati ya umeme inayoacha maji yapite nyuzi 100 ili injini ile mafuta kidogo, sasa hapo piga picha gari liko foleni saa nane mchana Dar, boneti imefunika joto lote, upepo hakuna. Gasketi la tapeti kava, ile raba ya kuziba kifuniko cha juu cha injini, likiwa jipya unalikunja kwenye vidole linarudi lenyewe. Lile la zamani nikilitoa huwa nampa mteja mkononi alikunje mwenyewe, linakatika vipande kama biskuti. Ukilitazama upande uliokuwa unakandamizwa unakuta limekuwa bapa kabisa, limechukua umbo la mfereji wa chuma, halisukumi tena, na oili haihitaji tundu, ikipata nafasi ya unywele inapita. Kwenye 320i ya umbo la E90 yenye ile injini ya N46 unakuta oili imeshuka mpaka kwenye visima vya plagi, ukichomoa koili, kile kinachopelekea plagi umeme, inatoka imelowa na raba yake imevimba, ndio maana gari linakosa moto silinda moja na mteja anaambiwa nunua koili, ananunua koili, baada ya muda mpya nayo inalowa.

Sasa nije kwenye kitu ambacho nadhani ndio kiini cha barua hii, na ambacho sijaona kikiandikwa kwenye gazeti lolote la kwetu. Injini inapumua. Kila moto ukiwaka kwenye silinda kuna gesi kidogo inapenya pembeni ya ringi za pistoni inashuka chini kwenye krankshafti, ule mhimili mkuu wa injini, hiyo gesi lazima itoke, na kiwanda kimeweka njia yake, kuna mpira unaopeleka hiyo gesi irudi kwenye hewa inayoingia injini ikaungue, na katikati ya hiyo njia kuna valvu ya kupumulia yenye kiraba chembamba ndani. Hiyo valvu ikiziba kwa tope la oili, gesi haina pa kwenda. Presha inajaa ndani ya injini na inaanza kusukuma oili kwenye kila sili, yaani raba ya kuziba, iliyo dhaifu, leo tapeti kava, kesho sili ya mbele, keshokutwa sampo, lile bakuli la oili chini ya injini. Fundi anabadilisha sili, inakaa muda mfupi inavuja tena, mteja anaamini fundi kamwekea spea feki au anaamini lile neno lenu kwamba ni tabia ya gari. Presha iko palepale hakuna aliyeigusa!

Na kiraba kikichanika mambo yanakuwa kinyume, injini inavutwa hewa kupita kiasi, unasikia mluzi, sailensa (mzunguko wa injini gari likiwa limesimama) haitulii, ukitaka kufungua kifuniko cha kuwekea oili injini ikiwa inawaka kinang'ang'ania kimevutwa ndani. Kwahiyo kipimo cha kwanza hakihitaji hata mashine. Washa gari, liache lipate moto, fungua kile kifuniko. Kikigoma kufunguka kwa mvuto mkubwa, kiraba kimechanika. Kikifunguka na moshi ukatoka kwa nguvu unapuliza, aidha njia imeziba au ringi zimeisha. Mafundi wangapi wanafanya hivyo kabla ya kushika spana? Kwenye baadhi ya injini za BM hiyo valvu imejengwa ndani ya tapeti kava lenyewe, kava la plastiki, kwahiyo ikifa unabadilisha kava zima, na hapo ndipo mteja anaposhtuka bei anasema niwekee gasketi tu. Namuelewa, hela ngumu. Lakini huwa namwambia ukweli, bosi nikikuwekea gasketi tu bila hii valvu utarudi, na ukirudi hela ya ufundi utalipa tena.

Silikoni, ile gundi ya kuzibia, nayo naomba niisemee kwa kirefu kidogo maana imeharibu injini nyingi mjini hapa kuliko uzee wenyewe. Mafundi wetu wengi wamekulia kwenye Toyota, na Toyota nyingi sampo lake toka kiwandani linabandikwa kwa gundi, halina gasketi ya raba, kwahiyo fundi akipaka silikoni pale anafanya kama kiwanda kilivyofanya na hana kosa. Shida inaanza anapohamisha ule mkono kwenye BM au Benzi ambako kiwanda kimechonga mfereji na kutengeneza raba ya saizi yake kukaa ndani yake. Anapaka silikoni juu ya raba ya zamani, anakaza kwa nguvu za bega mpaka kava la plastiki linapinda, na inapopinda hata ukija kuweka gasketi mpya haitashika tena. Zile bolti ndogo za tapeti kava zinataka mkazo mdogo tu, kama Nm 10 hivi kwa kipimo cha mkazo, mkono wa kawaida na racheti ndefu unapita hapo bila wewe kujua. Halafu ile silikoni iliyozidi inayoonekana nje imetokeza, jua kuna nyingine kiasi hichohicho imetokeza ndani, inakatika vipande, inashuka kwenye sampo, inaenda kukaa kwenye chujio la pampu ya oili. Mimi nimefungua sampo la mteja nikakuta lile chujio limezibwa na ukurutu wa silikoni nyekundu zaidi ya nusu, taa ya oili ilikuwa inawaka akikata kona na alishaambiwa sensa mbovu.

Jambo lingine ni wapi oili inatokea. Oili inashuka chini na gari likitembea upepo unaisukuma nyuma, kwahiyo pale unapoona tone linadondoka sipo inapotokea, karibu mara zote. Kuna mteja wangu mmoja, mama mtu mzima, ana 320i yake anaitunza sana, alipelekwa gereji moja wakamwambia sili ya nyuma ya krankshafti imekufa lazima gia boksi ishuke. Wakashusha, wakabadilisha, akalipa, tone likaendelea kudondoka palepale. Alipofika kwangu nikamwambia mama niachie gari, kwanza nalisafisha. Nikaosha injini yote kwa dawa na brashi, nikafuta sehemu zote mpaka chuma kikaonekana, nikaliendesha, nikalipandisha. Nikachukua tochi na kitambaa cheupe nikaanza juu kushuka chini, nikapangusa nyuma ya kichwa cha injini, pale pampu ya vakyumu, ile inayosaidia breki, inapokaa, kitambaa kikatoka kimelowa oili mpya ya rangi ya asali. Ilikuwa inateremka ukutani mwa injini inaenda kujikusanya pale injini inapokutana na gia boksi. Sili ya nyuma haikuwa na kosa hata kidogo. Raba ya pampu ya vakyumu ni kitu kidogo na bei yake haifanani kabisa na kazi ya kushusha gia boksi.

Kwahiyo wasomaji wako wakiambiwa shusha gia boksi waulize kwanza, injini imeoshwa? Imeangaliwa juu kwanza? Kuna rangi maalum ya UV unamwaga kidogo kwenye oili, unaendesha, unamulika kwa tochi yake usiku, inawaka pale inapotokea, na vifaa vyake sio vya bei ya kutisha. Ukikosa hivyo hata poda ya mtoto inafaa, unaipuliza kwenye sehemu safi iliyokauka, oili ikipita inachora mstari. Tafadhali sana lakini msioshe injini kwa petroli, na ile mashine ya presha ya kwenye kuosha magari isielekezwe kwenye koili na soketi za waya, mtatoka na tatizo la oili mtaingia kwenye tatizo la umeme.

Kwa wenye zile BM za silinda 6 zenye injini ya N52, 323i, 325i, 525i na ndugu zake, hii ni muhimu zaidi. Ile injini iliyoanza 2004 bloku yake ni magnesi na aluminiamu ili iwe nyepesi, na kwa sababu magnesi ikigusana na bolti ya chuma cha kawaida inaliwa na kutu, kiwanda kimeweka bolti za aluminiamu. Hizo bolti ni za kutumia mara moja. Ukishazifungua unatupa unaweka mpya. Huku kwetu zinarudishwa zilezile, zinakatika ndani, mtu anaanza kutoboa bloku kwa drili, na wengine wanazibadilisha wanaweka za chuma walizookota kwenye kopo, miaka michache baadae tundu limeliwa, gasketi halishiki, inavuja milele. Naomba wenye maduka ya spea kule Gerezani na Kariakoo mnaosoma gazeti hili, leteni hizo bolti za aluminiamu kwa wingi, mnaleta gasketi halafu bolti hakuna, fundi mwenye nia nzuri anafanyaje?

Halafu kwenye hiyohiyo N52 kuna gasketi ya kiti cha filta ya oili, kako juu mbele ya injini, karaba kadogo tu. Kakivuja oili inadondokea kwenye feni belti. Belti ikinywa oili inavimba, inalegea, inatoka kwenye pulei, na ikitoka inaweza kujisokota nyuma ya pulei kubwa ya krankshafti ikaingia kupitia sili ya mbele mpaka ndani ya injini. Watu wakisikia hivyo wanadhani fundi anatia chumvi. Nimewahi kufungua sampo nikatoa nyuzi za belti kwa koleo, nyuzi nyeupe ndefu zimejizungusha kwenye chujio la pampu, na vipande vyeusi vya raba vimekaa chini kwenye oili. Na kushusha sampo kwenye E90 sio kazi ya kulala chini dakika ishirini, lazima uning'inize injini kwa juu na ushushe fremu ya mbele. Yaani karaba ambako ungebadilisha asubuhi na mchana ukaenda zako kazini kamezaa kazi ya siku kadhaa na pengine injini imeshaumia. Na ile injini haina kijiti cha kupimia oili, inapimwa kwa sensa na unasoma kwenye dashibodi injini ikiwa imepata moto, inabeba lita 6 na nusu, kwahiyo mwenye gari asiyejua kusoma ile menyu anaweza kutembea anavuja wiki na wiki bila kujua amebakiwa na kiasi gani.

Benzi nazo zina lao. Zile C200 Kompresa za umbo la W204 zenye injini ya M271 zina sumaku mbili mbele ya kichwa cha injini zinazosaidia kugeuza muda wa kamshafti, ule mhimili unaofungua valvu. Zikichoka hazidondoshi oili chini, oili inaingia kwenye soketi ya waya, na ikiingia inapanda ndani ya waya wenyewe, katikati ya shaba na plastiki, inasafiri polepole mpaka kwenye sensa na mpaka kwenye kompyuta ya injini. Chini ya gari pakavu kabisa, mteja anajisifu gari langu halivuji, kumbe oili iko kwenye waya. Ukichomoa hiyo soketi ukaona oili imelowa kwenye pini usifute ukarudishia ukanyamaza, badilisha sumaku na uweke kale kawaya ka kuzuia ambako watu wanakauza kwa ajili hiyo, kanakatisha njia ya oili kabla haijafika mbali. Ni spea ndogo, kompyuta ni hela ya kuumiza familia. Wenye ML na E za dizeli zenye V6 ya OM642 wao ni sili za kupozea oili, ziko bondeni katikati ya injini chini ya tabo (turbo), zile za mwanzo zilikuwa za rangi ya chungwa zikaja kubadilishwa na za zambarau zinazostahimili joto zaidi. Sili mbili bei ndogo, kazi yake kubwa mno kwa sababu unavua kila kitu cha juu kufika pale, kwahiyo ukishafika pale weka zilezile bora, usitafute unafuu hapo.

Sasa hili la oili nzito. Nimeona mmeshauri 20W-50. Ni kweli oili nzito inapita taratibu kwenye mwanya, tone litapungua mtu atafurahi. Lakini injini hizi zina valvu ndogo za umeme na vijitundu vyembamba vya kupeleka oili kwenye mfumo wa kugeuza muda wa kamshafti, vimepimwa kwa oili nyepesi, 5W-30 au 5W-40 yenye kibali cha kiwanda. Ukimwaga 20W-50 gari linawashwa asubuhi oili inachelewa kufika juu, tapeti zinagonga, taa ya injini inawaka, na zile dawa za chupa za kuzuia kuvuja zinavimbisha raba kwa muda halafu raba inalainika inaisha kabisa. Kwa joto la Dar 5W-40 nzuri inatosha. Na kuna watu gari linakula oili lakini halidondoshi, hilo ni jambo lingine tofauti, kwenye N46 mara nyingi ni sili za valvu, ukikaa foleni ukaondoka linatoa moshi wa bluu nyuma. Huyo hata abadilishe gasketi zote za nje hatapona, msiwachanganye wasomaji kwa kuweka yote kwenye kapu moja.

Kitu kinachonifanya niandike kwa uchungu ni hatari yenyewe. Chini ya haya magari kuna kava kubwa la plastiki na sufi, linabeba oili yote inayovuja, mwenye gari haoni tone kwenye sakafu ya nyumbani kwake anajua mambo safi. Nikilifungua lile kava linakuja zito, limelowa kama sponji ya kuoshea vyombo, na juu yake kidogo tu inapita ekzosi na masega ya kusafisha moshi ambayo joto lake linaweza kupita nyuzi 400. Moto hauhitaji mwaliko hapo. Hata kiwanda kinajua hili eneo la injini sio la kuchezea, mwaka 2017 BMW waliita magari yao zaidi ya laki 7 kule Marekani ya miaka ya 2007 mpaka 2011 kwa sababu hita ya umeme iliyoko kwenye ile valvu ya kupumulia ilikuwa inaweza kupata shoti ikayeyuka ikawaka. Sasa sisi eneo hilohilo tumeliogesha oili halafu tunasema azoee.

Na kuna watu wasio na gari kabisa wanaoumia. Mvua ya kwanza ikinyesha baada ya kiangazi barabara inateleza kwa ajili ya oili iliyoganda kwenye lami, na wa kwanza kuanguka ni bodaboda na abiria wake, hasa kwenye vituo na kwenye taa ambako magari yanasimama yanadondosha palepale kila siku. Oili ya magereji yetu nayo, nasema yetu kwa sababu mie pia nina gereji, ikimwagwa mtaroni inaishia mto Msimbazi. Tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira toka 2004. Mimi yangu naikusanya kwenye pipa anakuja mtu kuichukua, wengine wanachukua kidogo kupaka nguzo zisiliwe na mchwa, lakini matambara yaliyolowa na udongo wa chini ya gari linalovuja hakuna anayeyachukua.

Wateja nao niwaambie kitu kwa heshima. Msije kwa fundi mkasema niwekee chochote nataka kuliuza. Huyo utakayemuuzia ni Mtanzania mwenzako, amekopa kazini, ataendesha na watoto. Na wewe unayenunua, usikubali kuonyeshwa injini iliyooshwa asubuhi hiyohiyo. Liendeshe nusu saa, liache likinguruma, fungua kifuniko cha oili kama nilivyoeleza, halafu omba lile kava la chini lifunguliwe mbele yako. Muuzaji akikataa kufungua bolti chache za plastiki, ondoka.

Kwa mafundi wenzangu sina ugomvi. Najua mteja anabana bei mpaka mtu unaona heri umpakie silikoni aende. Najua spana ya torki, ile ya kupimia mkazo, wengi hatunayo, na hata ukisoma VETA unatoka huko hujawahi kushika N52. Lakini tukipanga kazi ya kuzuia oili ifanyike mara moja, tapeti kava, kiti cha filta, pampu ya vakyumu na njia ya kupumulia kwa pamoja wakati injini imeshafunguliwa, mteja analipa ufundi mara moja na analipa kwa moyo, na gari linakaa kavu miaka. Wapo wateja wangu wenye magari ya 2008 chini unaweza kupitisha shati jeupe, na sio kwamba wana hela kuliko wengine, mmoja ni mwalimu wa sekondari, alikusanya spea kidogo kidogo akanunua gasketi mwezi huu, valvu mwezi ujao, bolti mwezi mwingine, zilipotimia akaleta gari tukafanya zote.

Ombi langu kwako Mhariri ni mrudie ile mada. Mtume mwandishi gereji yoyote inayoshika haya magari, sio lazima kwangu, aone kava la chini likifunguliwa, ashike gasketi la zamani na jipya kwa mikono yake, aulize bei ya raba ya pampu ya vakyumu na bei ya kushusha gia boksi aziandike zote mbili gazetini. Mkihitaji picha za lile chujio lililozibwa na silikoni ninazo kwenye simu nitawatumia bure.

Msomaji wako wa siku nyingi,
Fundi, Tabata, Dar es Salaam